Usikubali tundu moja la bolti likunyang'anye giaboksi nzima

Wengi wetu tulio na magari humu mijini huyajua kwa rangi, kwa viti na kwa redio. Gari likipelekwa gereji, mwenyewe huketi pembeni akisoma gazeti na kunywa soda, nao mafundi huingia mvunguni na kufanya watakavyo. Baadaye huitwa, akatajiwa bei, akalipa na kushika njia. Si ajabu basi kwamba kuna hitilafu ndogo ndogo ambazo hutugharimu pesa nyingi kwa sababu tu hatukujua kwamba ni ndogo.

Mojawapo ni tundu la bolti lililolika meno kwenye giaboksi.

Usicheke, msomaji. Tundu hilo halizidi unene wa kalamu ya risasi, lakini linaweza kuwafanya watoto wako wapande matatu muhula mzima huku gari likiwa limelala gereji likisubiri giaboksi nyingine. Na huenda giaboksi yenyewe haikuwa na kasoro yoyote.

Hebu tuanzie mwanzo. Chini ya gari lenye giaboksi ya otomatiki kuna bakuli la chuma, pana lakini lisilo na kina. Mafundi huliita sampu, sawa na lile la injini. Humo ndimo oili ya giaboksi hukusanyika kabla ya kunyonywa tena na pampu. Sampu hufungwa kwa bolti ndogo nyingi, kumi na zaidi, zilizopangwa kuuzunguka ukingo wake. Kati ya sampu na giaboksi huwekwa gasketi ili oili isivuje.

Ufikapo wakati wa kubadilisha oili na kichujio chake, bolti hizo hufunguliwa zote. Ni wakati wa kuzirudisha ndipo mambo huharibika. Fundi anakaza, anakaza tena, kisha ghafla bolti inalegea mkononi na kuanza kuzunguka bure kama kifuniko cha chupa kuukuu. Meno ya ndani ya tundu yamekatika. Mafundi wetu husema thredi zimekwisha.

Hapo ndipo mwenye gari husikia mojawapo ya mambo mawili. Kuna fundi atakayemwambia asijali, kwamba atapaka silikoni au gundi ya vyuma na gari litakwenda. Na kuna yule atakayemwambia kwa uso wa matanga kwamba giaboksi imeharibika na hana budi kutafuta nyingine.

Wote wawili huenda wanapotosha. Wa kwanza anaiacha kazi ndogo igeuke hatari kubwa. Wa pili anaifanya kazi ya saa chache kuwa deni la miezi. Tundu lililolika meno lina dawa yake ya kudumu, na mara nyingi giaboksi haihitaji hata kuteremshwa kutoka kwenye gari.

KWA NINI TUNDU HULIKA?

Mwili wa giaboksi umeundwa kwa alumini ili uwe mwepesi. Bolti nayo ni ya chuma kigumu. Chuma kigumu na alumini vikishindana, mshindwa anajulikana mapema. Ndiyo maana aghalabu bolti hutoka ikiwa nzima na tundu likabaki na majeraha.

Magari mengi madogo kutoka Japani hutumia hapo bolti za kipimo cha M6, yaani zenye upana wa milimita 6, ambazo vichwa vyake hufunguliwa kwa spana nambari 10. Watengenezaji hutaja katika vitabu vyao nguvu inayofaa kuzikaza. Katika Toyota nyingi ni kama Newton-mita 7 au 8 hivi.

Ikiwa nambari hiyo haikuambii kitu, jaribu kuifikiria hivi. Chukua spana yenye urefu wa sentimita 15, kisha utundike kwenye ncha yake mzigo wa kilo 5, yaani pakiti mbili za unga wa ugali za kilo mbili mbili na nyingine ya kilo moja. Uzito huo peke yake, bila mkono wa mtu kuongeza chochote, unatosha kuikaza bolti hiyo. Nati za magurudumu ya magari mengi madogo hukazwa kwa takriban Newton-mita 100, nguvu inayozidi hiyo zaidi ya mara kumi.

Sasa mfikirie fundi ambaye ametoka kufunga gurudumu, naye anaingia mvunguni kufunga sampu kwa spana ndefu ile ile, na mkono wake ungali na nguvu za gurudumu. Tundu litapona vipi?

Kosa hilo la kuzidisha nguvu ndilo mama wa mengine, lakini lina watoto kadha.

Kwanza, kuna tabia ya kufukuza tone la oili kwa spana. Bolti inapozidishiwa nguvu, ukingo wa sampu hubonyea palipo na tundu, na kati ya bolti na bolti ukaachama kidogo. Oili hupita papo hapo palipoachama. Fundi akiliona tone anakaza zaidi, nao ukingo unazidi kuachama, hadi siku meno ya tundu yanapokata tamaa. Dawa ya tone hilo haikuwa nguvu. Ilikuwa kuiteremsha sampu, kuunyoosha ukingo wake na kutia gasketi mpya.

Pili, kuna mashine ya kufungia bolti kwa upepo au umeme. Mashine hiyo hufaa kwa magurudumu. Bolti ndogo ikianzishwa nayo huweza kuingia upande, ikajikatia njia yake yenyewe na kuyafagia meno ya awali kabla fundi hajatambua.

Tatu, bolti huchanganywa. Katika baadhi ya magari bolti za sampu hazitoshani kwa urefu. Zikitiwa zote kwenye mkebe mmoja, ile fupi huweza kurudishwa kwenye tundu la ile ndefu. Itashika meno mawili matatu tu ya mlangoni, na hayo hayawezi kubeba mzigo wa meno manane.

Nne, tundu huachwa na oili au silikoni ndani yake. Matundu mengine hayapenyi upande wa pili. Bolti ikiingia humo huku kumejaa oili, oili hukosa pa kwenda na huisukuma bolti irudi. Fundi huhisi ugumu, akadhani bado hajakaza, akaongeza nguvu.

TONE HALITISHI, LAKINI LINAUA

Kuna watakaosema: mbona bolti zimebaki nyingi, moja ikikosekana kuna neno gani?

Ni kweli kwamba bolti moja ikikosekana oili haitamwagika yote kwa mpigo. Ndani ya sampu oili haisukumwi na pampu. Imetulia tu kama maji kwenye beseni, na hivyo huvuja tone kwa tone. Hatari iko papo hapo, kwa maana tone halimtishi mtu. Mwenye gari huliona doa jekundu au la kahawia kwenye sakafu ya maegesho, akalifunika kwa mchanga na kuendelea na shughuli zake.

Lakini oili ya giaboksi ya otomatiki haina kazi ya kulainisha pekee. Ndiyo inayopokea nguvu kutoka kwa injini na kuipitisha ndani ya giaboksi. Ndiyo inayosukumwa na pampu ili kuzibana klachi zilizomo. Ndiyo pia inayoondoa joto. Ikipungua, pampu huanza kunyonya hewa pamoja na oili, na hewa haina nguvu ya kubana kitu. Klachi huteleza, zikiteleza huchomeka, na zikichomeka hiyo ndiyo giaboksi uliyoambiwa tangu mwanzo kwamba imekufa.

Dalili zenyewe ni hizi. Ukitia gia ya kwenda mbele au ya kurudi nyuma, gari husitasita kabla ya kushika. Ukikanyaga mafuta injini hunguruma lakini mwendo hauongezeki. Gia hubadilika kwa mshtuko. Oili iliyokuwa nyekundu hugeuka kuwa nyeusi na kutoa harufu ya kuungua. Ukiziona dalili hizi pamoja na doa chini ya gari, usisubiri mwisho wa mwezi. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

NI TUNDU AU NI BOLTI?

Kabla ya kukubali kulipia chochote, mwombe fundi akuonyeshe bolti yenyewe. Itazame kwenye mwanga. Ukiona utepe mwembamba wa rangi ya fedha umejiviringisha kwenye meno yake kama springi ya kalamu, hizo ndizo nyama za tundu, na shida iko kwenye giaboksi. Ukiona meno ya bolti yenyewe yamelala au yamepondeka huku hakuna utepe wowote, huenda una bahati. Jaribu bolti nzima kutoka tundu jirani, yenye urefu ule ule. Ikiingia kwa vidole bila kubishana na ikakaa imara, tatizo lako ni bolti mpya tu.

Jambo la pili ni kupima kina cha tundu. Kijiti cha kuchokolea meno au kipande cha waya chatosha. Kiingize taratibu hadi kikome, ukitie alama, kisha ukilinganishe na urefu wa bolti, ukikumbuka kuondoa unene wa sampu na gasketi. Mara nyingine utakuta kwamba bolti ilikuwa ikishika sehemu ya nje tu, na ndani kabisa kungali na meno mazima. Basi bolti ndefu kidogo, kwa milimita 3 hadi 5, yaweza kulimaliza jambo lote. Sharti ni moja: isiwe ndefu hata ikagonga mwisho wa tundu kabla ya kuibana sampu.

Waya ukiingia bila kukoma, jua kwamba tundu limepenya. Hilo halizuii matengenezo, lakini linamtaka fundi awe mwangalifu zaidi kama tutakavyoona.

DAWA ZILIZOPO

Ikiwa meno yamekwisha kabisa, kuna njia kadha, na si zote zilizo sawa.

Gundi ya vyuma ndiyo ya bei rahisi. Tundu hujazwa gundi, ikikauka hutobolewa na kukatwa meno upya. Lakini gundi haipendi oili, na tundu la giaboksi limelala ndani ya oili miaka nenda miaka rudi. Hata likisafishwa vipi, joto na mtikisiko wa gari huja kuibandua. Ichukulie kama bendeji ya kukufikisha nyumbani. Silikoni peke yake hata bendeji si jina lake. Isitoshe, ikipakwa kwa wingi vipande vyake hung'oka na kwenda kuziba kichujio.

Njia nyingine ni kulipanua tundu na kutia bolti nene zaidi, kwa mfano ya M8. Hii hufaa pale tu ambapo kuna alumini ya kutosha kulizunguka tundu. Hukulazimu pia kuipanua sampu na gasketi mahali hapo, na kila fundi atakayefungua baadaye ni lazima akumbuke kwamba bolti ile ni ya pekee. Iwe ni chaguo la mwisho.

Njia inayopendekezwa ni ya kulitia tundu meno mapya ya chuma. Kuna koili ndogo ya waya mgumu usioshika kutu, iliyosokotwa kama springi, ambayo wengi huijua kwa jina la kibiashara la HeliCoil. Tundu hupanuliwa kidogo, hukatwa meno makubwa zaidi, kisha koili hiyo ikasokomezwa humo. Ndani yake bolti ile ile ya M6 huingia kama zamani. Kuna pia bushi nzima ya chuma yenye meno ndani na nje, ambayo ni imara zaidi lakini vifaa vyake ni ghali zaidi.

Uzuri wa njia hii ni kwamba bolti ya chuma sasa inakutana na chuma mwenziwe, na mzigo unagawanywa kwenye eneo kubwa zaidi la alumini. Tundu lililotengenezwa hivi kwa ustadi huwa na nguvu kuliko lilivyotoka kiwandani. Ndiyo njia hiyo hiyo inayotumiwa kuokoa matundu ya plagi kwenye vichwa vya injini.

JINSI KAZI INAVYOFANYWA

Ewe mzazi, si lazima uishike drili mwenyewe. Lakini ukizijua hatua hizi, utatambua mara moja kama fundi aliye mbele yako anaijua kazi au anabahatisha.

Gari huwekwa mahali tambarare, magurudumu yakazuiwa, na uzito wake ukabebwa na vigingi vya chuma. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Oili iachwe ipoe, maana ikiwa moto huunguza kama maji ya chai. Kisha sampu hufunguliwa yote.

Sampu ikitoka, ndani huonekana sehemu ya vali, yenye vijia vyembamba kama mirija ya wino. Sehemu hii ndiyo inayoamua gia ibadilike lini. Chembe moja ya alumini ikinasa humo, vali hukwama. Basi sehemu yote iliyo karibu na tundu hufunikwa kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi.

Kwa bolti ya M6, ncha ya drili inayotangulia koili huwa ya kama milimita 6.3. Usahihi wake hufuata maagizo yaliyokuja na vifaa. Fundi stadi huzungushia ncha hiyo utepe wa gundi ili kuonyesha kina asichopaswa kupita, kisha huipaka grisi ili vinyoleo vya alumini vinate humo badala ya kuruka. Drili huendeshwa polepole, ikiwa imenyooka wima na uso wa giaboksi. Ikiinama, bolti nayo itainama milele. Miwani ya kukinga macho ni lazima, kwa sababu fundi anatazama juu na vinyoleo vinaanguka chini.

Kule kuanguka ni msaada pia. Maadamu tundu linatazama ardhini, takataka hushuka zenyewe. Kwa hiyo usikubali mtu alete mpira wa upepo na kupuliza, maana upepo utazirusha chembe hizo juu, kule kule tunakozikataza. Tundu lisafishwe kwa kitambaa na kijiti. Sumaku haitasaidia, kwani alumini haivutwi na sumaku.

Baada ya drili hufuata tepu, yaani chuma cha kukatia meno. Inayotumika hapa si tepu ya kawaida ya M6. Ni ile maalum iliyokuja na koili. Huzungushwa kwa mkono, ikienda mbele nusu mzunguko na kurudi nyuma kidogo ili kukata vinyoleo, nayo hutolewa mara kwa mara kusafishwa na kupakwa grisi.

Kisha koili hutiwa kwenye kishikio chake na kuzungushwa hadi izame chini kidogo ya uso wa giaboksi, robo au nusu ya mzunguko. Ikichomoza nje itaizuia sampu kulala sawasawa. Chini ya koili kuna kijimkia kilichotumika kuisukuma. Hicho huvunjwa na kutolewa. Mwulize fundi wako kiko wapi. Akikuonyesha kiganjani, jua yuko makini. Akishangaa, huenda kimebaki ndani. Kwa tundu lililopenya, hatua hii yataka uangalifu maradufu, maana kijimkia hicho chaweza kuangukia ndani ya giaboksi, na chuma chake hakivutiki vyema kwa sumaku. Bolti ya tundu la namna hiyo pia hupakwa dawa ya kuzuia oili kupita kwenye meno.

KURUDISHA SAMPU

Hapa ndipo kosa la awali hurudiwa, na kazi yote ikapotea. Sampu ioshwe hadi ing'are. Ukingo wake utazamwe dhidi ya kitu kilichonyooka kama rula. Palipobonyea pawekwe juu ya ubao mgumu na kugongwa taratibu kwa nyundo hadi palale. Gasketi iwe mpya.

Bolti zote zianzishwe kwa vidole. Ile inayokataa vidole isilazimishwe kwa spana. Zikishaingia zote hukazwa kidogo kidogo kwa kupokezana, kutoka katikati kwenda pembeni na kutoka upande mmoja hadi wa pili, kisha zikamalizwa kwa spana ya kipimo, ile inayoonyesha au kulia pindi nguvu iliyotakiwa inapofikiwa. Kwa nguvu ndogo kama hizi spana hiyo iwe ndogo. Ile kubwa ya magurudumu haizisikii.

Baada ya hapo hutiwa oili ya aina iliyotajwa na mtengenezaji. Oili za giaboksi si sawa zote, na gari lenye giaboksi ya CVT huhitaji oili yake maalum. Kwa magari mengi yenye kijiti cha kupimia, oili hupimwa injini ikiwa inanguruma na giaboksi ikiwa imepata joto. Magari mengi ya kisasa hayana kijiti hicho, na hupimwa kwa njia nyingine ambayo fundi anapaswa kuijua kabla ya kuigusa.

Usiku huo, tandaza katoni safi chini ya gari. Asubuhi itakupa ripoti bila upendeleo.

MASWALI YA KUMWULIZA FUNDI

Magari mengi tunayonunua yametumika Japani kwanza, na kanuni za Kenya huruhusu yaletwe yakiwa na umri usiozidi miaka 8. Kwa hivyo matundu haya yanapofunguliwa hapa, yana umri tayari. Tuseme umeambiwa kwamba lako limelika. Usipandishe sauti wala usikimbilie kulipa. Uliza kwa utaratibu:

Naweza kuiona bolti? Tundu limepenya au halikupenya? Utatumia koili, bolti ndefu au gundi? Una tepu yake maalum? Utazizuiaje chembe zisiingie ndani? Una spana ya kipimo?

Fundi anayeijua kazi yake hatakasirika. Bila shaka atafurahi kumpata mteja anayejua kwamba kazi hii ina ujuzi ndani yake na unastahili kulipiwa. Kama hana vifaa, si aibu. Vinaweza kuuliziwa kwenye maduka ya vifaa vya mafundi, au kazi hiyo ikapewa karakana inayochonga vyuma. Ulizia bei ya kutengeneza tundu kando, na bei ya oili, kichujio na gasketi kando. Anayeshikilia kwamba ni giaboksi nzima au si kitu, mshukuru kwa heshima na utafute maoni ya pili. Lakini ikiwa alumini yenyewe imepasuka pale penye tundu, hiyo ni habari nyingine, na koili haitaiponya.

NENO KWA WANAFUNZI

Kwa vijana walio vyuoni na wale wanaojiandaa kwa mitihani ya ufundi ya NITA, tundu hili lina somo ambalo halisahauliki. Gereji nyingi huwasifu vijana wenye mikono mizito. Lakini bolti nyingi za gari la kisasa zimeingia kwenye alumini, na alumini haihitaji misuli. Inahitaji mkono unaojua kusimama.

Mkono huo hujengwa. Tafuta kipande cha alumini kwenye takataka za karakana, ukitoboe, ukikate meno ya M6, kisha ukaze bolti kwa spana ya kipimo kwa Newton-mita 5, halafu 8, halafu 12, ukiisikiliza mikono yako. Endelea hadi meno yakatike. Ukishahisi mara kadha jinsi bolti inavyolainika kidogo kabla meno hayajakatika, hutalisahau onyo hilo ukiwa chini ya gari la mtu. Kisha litie tundu lile lile koili, na hapo utakuwa na kazi mbili za kumwonyesha atakayekuajiri.

Nawe mwenye gari, siku fundi atakapokwambia amekaza bolti za sampu kwa nguvu zake zote ili oili isivuje, usimpe ahsante. Mwombe azilegeze, azikaze upya kwa kipimo. Nguvu hazizuii oili. Huizuia gasketi nzuri, ukingo ulionyooka, na mkono wenye kiasi.